Kipanga au Karabai? Uhakiki wa Majina Tunayowapa Wanafunzi Wenye Akili

Kila jamii ina namna yake ya kumsifu mtoto mwenye akili, na ndani ya sifa hiyo hujificha mawazo ya jamii kuhusu akili yenyewe: hutoka wapi, ni ya nani, na kazi yake ni ipi. Kwa sababu hiyo jina ambalo mwanafunzi hupewa na wenzake katika uwanja wa shule si jambo dogo la watoto. Ni sehemu ya utamaduni, nalo lastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki ngano, ngoma au ushairi. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza jina moja lililoenea mno katika shule za Tanzania, yaani kipanga; kuonyesha kasoro zake; na kisha kupendekeza, kwa moyo wa mchezo na utani, majina mengine yanayoweza kushindana nalo. Mifano yetu tumeichota Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, mahali ambapo milima, ziwa, mashamba na desturi za wenyeji hutupatia maneno ya kutosha.

Kipanga, kama ajuavyo kila mfuga kuku, ni ndege wa jamii ya mwewe, mla nyama, mwenye jicho kali na makucha yaliyopinda. Katika lugha ya wanafunzi kipanga ni yule anayeshika masomo upesi na kuongoza katika mitihani. Husemwa, "Fulani ni kipanga wa hesabu," au, "Darasa lile lina vipanga watatu." Neno hili halitembei peke yake. Pacha wake ni kilaza, jina la mwanafunzi ambaye masomo yanamshinda. Nalo lasikika kana kwamba limetoka katika kitenzi kulaza, kile kile tukisikiacho tunaposema kwamba mvivu amelaza damu. Hivyo darasa zima hugawanywa kwa maneno mawili tu: walio juu angani na waliolala chini.

Haifai kulihukumu neno kabla ya kulisikiliza. Kipanga lina mvuto wake. Ndege huyu huona mbali. Hutulia juu kwa subira, kisha hushuka kwa shabaha moja. Mwanafunzi anayesoma swali gumu, akatulia, akalipata jibu kwa pigo moja, kweli anamkumbusha mtu ndege huyo. Aidha, neno lenyewe ni la Kiswahili halisi, halikukopwa popote, na hutamkika kwa raha. Ndiyo maana limeota mizizi. Lakini taswira nzuri yaweza kubeba fundisho baya, na kazi ya mhakiki ni kuuliza taswira hiyo inamfundisha nini yule anayeitwa kwayo.

Kasoro ya kwanza ni kwamba kipanga ni mnyang'anyi. Mkulima wa Mbinga au mvuvi wa Liuli aliye na kuku wachache uani hamshangilii kipanga akimwona anazunguka juu. Humpigia kelele, naye kuku huwaita vifaranga wake chini ya mbawa. Tunapomwita mtoto kwa jina hili tunamwambia kwamba maarifa ni windo, na kwamba awahiye kunyakua ndiye mwenye haki ya kula. Alama za mtihani ndizo kifaranga, na darasa ni uwanja wa kuwindia. Lakini maarifa yana tabia ambayo kifaranga hana: ukimgawia mwenzako, lako halipungui. Jina hili basi linaidanganya akili ya mtoto kuhusu kitu kile kile anachosifiwa kuwa nacho.

Kasoro ya pili ni kwamba kipanga hawezi kuishi bila kilaza. Ubora wake hupimwa kwa umbali uliopo kati yake na walio chini. Hapa sarufi yenyewe inatuonya. Kiswahili humpa kila kiumbe hai upatanisho wa kiumbe hai, hata jina lake likiwa na umbo la ki- na vi-: twasema kipanga huyu, kijana yule, kiongozi wetu. Lakini mzaha ukizidi kidogo tu, kilaza huyu huwa kilaza hiki, na mtoto wa watu huwekwa katika ngeli moja na viti na vikombe. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyebandikwa jina hilo mwezi wa pili huweza kulivaa hadi mwisho wa shule, si kwa sababu hana uwezo, bali kwa sababu amekwisha kuacha kujaribu. Na yule aliyeitwa kipanga naye hufungwa kwa namna yake, maana huogopa kuuliza swali mbele ya wenzake asije akaonekana ameshuka.

Kasoro ya tatu yahusu asili na kusudi la akili. Kiswahili kilikwisha kuwa na maneno kipaji na kipawa, ambayo yanatupeleka katika kitenzi kupa. Kipawa hujieleza chenyewe: ni kitu ambacho mtu amepawa. Penye kupewa pana mtoaji, na penye mtoaji pana deni. Serikali ilichagua neno zuri ilipoziita shule kama Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Kibaha, Msalato na zile za Tabora kuwa shule za vipaji maalumu. Hata hivyo neno hilo la rasmi halikushuka uwanjani. Huko uwanjani mtoto wa kipaji aliendelea kuitwa kipanga, ndege asiye na deni kwa mtu yeyote.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa watu wa ufuko wa Nyasa. Shule tulizozitaja ziko Arusha, Morogoro, Pwani, Dodoma na Tabora. Mtoto wa Lituhi au Mbamba Bay anayechaguliwa kwenda huko hupanda milima ya Umatengo, huipita Mbinga na Songea, kisha husafiri mamia ya kilomita. Mzazi anayemsindikiza kituoni ana furaha na hofu kwa pamoja, kwa maana wako waliokwenda wakarudi kuwa walimu na waganga wa wilaya yao, na wako waliokwenda wasionekane tena ila misibani. Kwa macho ya kijiji kama hicho, huenda kipanga ni elimu yenyewe: imeshuka, imemchagua kifaranga aliye bora, imemnyakua na kwenda zake. Nasi tutashangaaje asiporudi kijana ambaye tangu utoto tulimfundisha kujivunia jina la ndege anayenyakua na kuondoka?

Tukigeukia urithi wetu tunakuta kwamba wahenga hawakuwahi kuisifu akili kwa upofu. Walisema, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," wakamaanisha kwamba hakuna aliyezaliwa mtupu kabisa. Walisema tena, "Akili nyingi huondoa maarifa," wakamwonya yule anayejiona amemaliza. Na waliposema, "Elimu bila amali ni kama nta bila asali," waliweka kipimo ambacho hakuna mtihani wa karatasi unaoweza kukipita. Methali hizi tatu zikiwekwa pamoja ni falsafa kamili: akili ni ya wote, ina hatari zake, na thamani yake ni kazi.

Ngano zetu husema hayo hayo. Katika masimulizi mengi ya Afrika Mashariki sungura ndiye mwerevu kupita wanyama wote, na watoto humcheka simba anapodanganywa. Lakini ipo ile ngano ya kisima, ambayo wanafunzi wengi wameisikia kwa bibi zao. Wakati wa ukame wanyama wote walikubaliana kuchimba kisima. Sungura akakataa kuchimba, kisha akawa anakuja kuyaiba maji kwa ujanja, akiwashinda walinzi mmoja baada ya mwingine. Mwishowe alinaswa na kobe, mnyama wa mwisho kudhaniwa kuwa na akili. Sungura wa ngano hii ni kipanga wa kale: ana akili ya kunywa, hana akili ya kuchimba. Wasimulizi hawakumnyima sifa yake, ila walihakikisha kwamba hadithi haiishii kwa ushindi wake.

Fasihi andishi nayo imelishika wazo hilo. Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, wajumbe hutumwa pande mbalimbali, wakapata maarifa kwa taabu, wakarudi nayo nyumbani, nao wakatiwa gerezani kwa ajili hiyo. Karama anapowatetea hasemi kwamba walikuwa na vichwa vikubwa kuliko watu wengine. Anaonyesha kile walichowaletea wenzao. Mizani ya mwandishi ni ile safari ya kurudi, na aibu anaiweka juu ya nchi iliyokataa kupokea.

Huko Umatengo palikuwa na desturi iliyoitwa sengu. Kaya za ukoo mmoja zilikusanyika na chakula, wakala pamoja, wazee wakazungumza mambo ya ukoo, na vijana wakasikiliza na kufunzwa. Desturi hiyo imefifia, lakini wazo lake ni wazi. Katika sengu kijana mwepesi wa kuelewa hakujitenga na sahani ya wenzake. Aliposema neno la busara, lilikuwa limesemwa kwa faida ya wote waliokuwa wakila. Mtu mwenye desturi kama hiyo hawezi kufurahia picha ya mwerevu anayekula peke yake juu ya mti.

Wala taifa halikukaa kimya. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilaumu elimu iliyorithiwa kwa wakoloni kwa kuwaandaa wachache wapandao juu na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa; akataka shule ya msingi iwe na maana kwa yule ambaye hataendelea, na mitihani isitukuzwe kupita kiasi. Miaka mingi baadaye, Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha ile desturi ya kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Orodha iliondolewa katika tangazo, lakini haikuondoka vinywani. Maadamu maneno kipanga na kilaza yanaishi, kila darasa hujitangazia orodha yake lenyewe, kila siku, bila kungoja matokeo.

Je, tulipige marufuku neno hili? Hatudhani. Neno la uwanjani halifi kwa waraka. Likikatazwa darasani hupata utamu zaidi nyuma ya darasa. Watu wetu walikuwa na dawa iliyo bora, nayo ni utani. Mtani humwambia mwenzake ukweli mchungu huku wote wanacheka, na aliyeambiwa hana ruhusa ya kukasirika. Jina baya huondolewa na jina linalochekesha kuliko hilo. Basi jina jipya lazima litimize masharti matatu. Kwanza, liwe jepesi mdomoni na lilete tabasamu. Pili, lisihitaji tusi la kuwa pacha wake. Tatu, lionyeshe akili ina kazi gani kwa wengine. Kwa masharti hayo tutayapima majina matano.

La kwanza ni jembe. Hili vijana wenyewe wamekwisha kulitunga. Mtu wa kutegemewa huitwa jembe, na mtoto aweza kuitwa jembe la Fizikia kama vile mchezaji huitwa jembe la timu. Uzuri wake ni kwamba jembe halijilimii. Udhaifu wake ni kwamba limetumika mno, hata kwa kila mgombea wakati wa kampeni, na ukali wake umeanza kuwa butu. Hata hivyo jembe butu lina heri kuliko ukucha mkali.

La pili ni mbasa, samaki mashuhuri wa Ziwa Nyasa. Mbasa huishi ziwani, lakini wakati wa kuzaa huacha maji matulivu na kupanda mito kama Ruhuhu, akishindana na mkondo, ili akatage mayai mahali panapofaa. Mwanafunzi anayepambana na somo gumu kwa ajili ya watakaokuja baada yake angeweza kuitwa mbasa kwa haki kabisa. Watani watasema kwamba mbasa hutegewa nyavu mlangoni mwa mto, nao watasema kweli. Hiyo nayo ni elimu: jamii inayowanasa wote wanaopanda mto itakosa samaki kesho.

La tatu ni ngoro. Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi kwa kutumia mashimo haya. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokingamana, hata shamba likawa kama wavu. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kuyafukia majani hayo. Majani huoza na kuwa mbolea, na mashimo huyazuia maji ya mvua yasikimbie na udongo. Juu ya matuta hupandwa maharage, kisha mahindi katika zamu yake. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao kutoka Japani waliuchunguza utaratibu huu na kuonyesha hekima iliyomo. Mwanafunzi anayesikia somo mara moja na kulihifadhi aitwe ngoro: mvua ya mwalimu haimpiti bure. Wenzake watamtania kwamba yeye ni shimo. Na ajibu kwamba ndilo shimo linalowalisha.

La nne ni buni, kwa heshima ya kahawa iliyoijenga Mbinga. Mchumaji hodari hang'oi tawi zima. Huchuma zile zilizoiva na kuziacha za kijani zingoje siku zao, kwa maana tawi moja haliivi kwa siku moja. Katika jina hili yule aliyechelewa hana haja ya kutukanwa. Yeye ni buni mbichi tu, na msimu haujaisha. Kasoro ya buni ni kwamba humsifu mtu kwa kuiva, jambo ambalo hutokea kwa wakati wake, wala halisemi sana juu ya bidii.

La tano, ambalo sisi tunalipa nafasi ya kwanza, ni karabai. Usiku wa giza, mbalamwezi usipokuwapo, wavuvi wa usipa huingia ziwani na taa, na kwa muda mrefu taa hiyo ilikuwa karabai. Mtu aliyesimama ufukoni huona mistari ya nuru juu ya maji kama mji uliojengwa ziwani. Usipa hukusanyika kwenye nuru, na wavu huinuliwa kwa mikono ya wengi. Karabai haivui peke yake. Lakini bila hiyo mikono yote ile ingerudi mitupu. Zaidi ya hayo karabai haijiwashi. Yuko aliyenunua mafuta, yuko aliyepiga pampu, yuko aliyeikinga na upepo. Mwanafunzi anayeitwa karabai hukumbushwa kila mara mafuta ya mzazi, pampu ya mwalimu na mikono ya wenzake waliomzunguka. Naye anayesita katika hesabu hana jina la aibu, kwa sababu kinyume cha karabai inayowaka ni karabai ambayo haijawashwa. Wenzake watamwambia, "Piga pampu, ndugu!" na hilo ni neno la kutia moyo hata kama limesemwa kwa kicheko.

Yuko atakayesema kwamba siku hizi wavuvi wengi wamehamia taa za betri na za jua, na kwamba mtoto wa leo huenda asiijue karabai. Hoja hiyo haitutishi. Mtoto asiyeijua atauliza, na katika kuuliza atajifunza habari za babu yake. Mwingine atasema kwamba tunashughulika na maneno huku shule zina upungufu wa madawati, vitabu na walimu. Madawati yanahitajika, tena sana. Lakini hata darasa lenye madawati ya kutosha litawakalisha watoto wawili katika dawati moja, mmoja akiwa kipanga na mwingine kilaza, na dawati halina uwezo wa kuwapatanisha. Neno linao.

Kwa hiyo tunawaachia walimu kazi ndogo ya kufanya katika kipindi cha Kiswahili. Waulizeni wanafunzi wenu ni kitu gani mahali pao kinachofanya kazi ya wengi bila kujivuna, nao wakipe kitu hicho nafasi ya kipanga kwa muhula mmoja. Watoto wa milimani watakuja na majina ya shambani, wa ufukoni watakuja na majina ya mitumbwi na nyavu, na mengine yatakuwa ya kuchekesha kuliko haya yetu. Yajadilini kwa yale masharti matatu. Yatakayokufa na yafe. Litakaloishi litakuwa limechaguliwa na wenyewe. Nanyi wanafunzi, siku mwenzenu atakapopata alama za juu kuliko wote, mwambieni kwa furaha, "Karabai wewe!" kisha msogee karibu naye na vitabu vyenu, kama wasogeavyo wavuvi, maana taa imewashwa ili wote wavue.